Pesa za Madrasa, Mali ya Mayatima



Katika mitaa yetu ya pwani kuna neno ambalo likitamkwa hufunga mazungumzo yote ya pesa. Neno lenyewe ni "hesabu iko kwa Mwenyezi Mungu." Mama akiuliza mchango wa jengo umefikia wapi, huambiwa hivyo. Kijana akiuliza kwa nini umeme wa madrasa umekatwa ilhali kila Ijumaa sanduku hupitishwa, huambiwa hivyo hivyo, na pengine huongezewa nasaha ndefu juu ya ubaya wa dhana. Na neno ni la kweli. Hakuna Muislamu awezaye kulikanusha. Sote tutasimama tuulizwe mali tuliyoishika tuliipata wapi na tuliitumiaje. Lakini sisi tunaoandika haya tumeona namna neno la kweli linavyoweza kuwekwa pasipo mahali pake, na madhara yake yakawafikia wasiokuwa na kosa lolote.

Sisi ni wanawake wa darsa ya Alhamisi katika mtaa mmoja wa Mombasa. Mtaa hatutautaja, wala jumuiya hatutaitaja, kwa kuwa wahusika wangali hai na wengi wao ni watu wema. Baadhi yetu ni mama wa nyumbani, wengine huuza mahamri na viazi karai alfajiri, wengine ni walimu wa chekechea, na wajane hatukosi. Kwa miaka mitatu tulichanga shilingi 50 kila wiki baada ya darsa. Pesa hizo zilikuwa za kujenga chumba cha wanawake katika madrasa ya jumuiya yetu ya daawa: chumba chenye mlango wake, pazia lake na mahali pake pa kutawadhia, ili tusiwe tunasubiri wanaume wamalize ndipo tuingie. Asiyekuwa na 50 alileta 20. Mwenzetu mmoja alileta kipuli kimoja cha dhahabu. Cha pili kilikuwa kimempotea siku nyingi, akasema kimoja hakivaliki, basi bora kikavaliwe na madrasa.

Pesa zilikwenda kwa mweka hazina wa jumuiya. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, mzee mpole, mtu wa safu ya kwanza, ambaye watoto wa mtaa walimwamkia shikamoo hata wakiwa mbio. Jumuiya haikuwa na akaunti ya benki kwa jina lake. Michango ilitumwa kwa simu ya mzee, na ikizidi aliipeleka katika akaunti yake mwenyewe, ile ile aliyowekea malipo ya wateja wake wa kanzu. Hakuna aliyeona ajabu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2007, mambo mengi ya kheri pwani hii yamekwenda kwa njia hiyo: harusi, matanga, matibabu, hata kisima. Nambari ya mtu mmoja huandikwa kwenye tangazo, na watu hutuma.

Mara mbili tuliomba tusomewe mapato na matumizi. Mara ya kwanza kamati ilitujibu kwamba mambo ya jengo ni ya wanaume na sisi tutaona chumba kikiisha. Mara ya pili tukapewa lile neno la hesabu kwa Mwenyezi Mungu. Mzee mwenyewe hakutukatalia. Tulipomuuliza dukani kwake, alisimamisha cherehani akasema, "Mama zangu, kamati ikiniruhusu, mimi nitawasomea kesho." Kamati haikuruhusu. Haikuwa na ubaya wowote ya kuuficha, kama ilivyokuja kubainika baadaye. Iliona tu kuwa kuulizwa ni kuvunjiwa heshima.

Kisha mzee akafariki, ghafla, kwa maradhi ya moyo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mke, kijana mmoja mkubwa anayefanya kazi bandarini, na mabinti wawili wasiobaleghe.

Mazishi hayajatimiza wiki mbili, wazee wawili wa kamati walikuja barazani pa marehemu. Walikuja kwa adabu. Mke alikuwa eda, kwa hiyo walizungumza na kijana, naye mama yake akisikiliza nyuma ya pazia. Walisema kwamba marehemu alikuwa ameshika pesa za jengo, na kwamba kwa makisio ya kamati pesa hizo hazipungui shilingi 400,000. Kijana akawaomba maandishi. Hapakuwa na maandishi. Makisio yalikuwa ya kichwani, ya watu watatu waliokaa baada ya isha wakakumbushana: Ramadhani ile tulipata ngapi, Maulidi yale tulipata ngapi, akina mama huleta ngapi kwa wiki. Katika simu na akaunti ya marehemu zilikuwamo shilingi 512,000 kwa jumla. Ukitoa 400,000 zinabaki 112,000, na hizo ndizo zingekuwa urithi wa pesa taslimu wa mjane, kijana na mayatima wawili kutoka kwa mtu aliyeshona kanzu kwa zaidi ya miaka 30.

Sisi tulikuwa tukienda kumliwaza mjane kila siku kwa zamu. Siku hiyo alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Pesa za watu sizijui, na zetu pia sizijui. Zimelala kitanda kimoja, mwenye kuzijua amekwenda."

Hapa ndipo tunapotaka msomaji wetu asimame nasi kidogo. Tunapozungumzia hesabu za misikiti, madrasa na jumuiya, fikira zetu hukimbilia wizi. Tunamfikiria mtu mwovu anayekula mali ya umma, tunasema fulani amejenga ghorofa, lisemwalo lipo. Kwa hiyo mwaminifu akiombwa daftari huudhika, huona amefananishwa na mwizi. Lakini katika kisa chetu hapakuwa na mwizi. Alikuwako mtu mwaminifu aliyekufa, na kamati iliyotaka kuhifadhi mali ya Mwenyezi Mungu. Na watu hawa wema, kwa kukosa kurasa chache za daftari, walikuwa wamebakisha hatua moja tu kufika kwenye jambo ambalo Qurani imelitolea onyo zito kuliko maonyo mengi, nalo ni kula mali ya yatima. Wangekula kwa jina la madrasa. Matofali ya chumba chetu cha kusomea yangekuwa ya watoto wale wawili, nasi tungeswali humo.

Sheria ya mirathi katika jambo hili haina utata. Katika mali aliyoiacha maiti hutolewa kwanza gharama za kumzika, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho cha warithi. Amana ya watu haihesabiwi kuwa mali yake kabisa; hurudishwa kwa wenyewe. Yote hayo kijana aliyakubali bila ya mtu kumsukuma. Shida ilikuwa ni kujua amana ni ipi. Benki nayo ilikuwa na utaratibu wake: akaunti ilikuwa kwa jina la mtu, mtu amekufa, basi kila senti iliyomo ni ya mirathi mpaka karatasi za mahakama zifike. Kwa macho ya benki madrasa haikuwa na hata shilingi moja pale. Kama kijana angekuwa mtu wa namna nyingine angeweza kunyamaza, na hakuna mahakama ambayo ingemlazimisha kwa makisio ya baada ya isha. Ukosefu wa daftari ulikuwa umeacha milango miwili wazi: mmoja wa kuwadhulumu mayatima, wa pili wa kuidhulumu madrasa.

Kilichotusaidia kwanza ni daftari la shule. Mwenzetu aliyekuwa akikusanya zile 50 za Alhamisi ni mwalimu wa chekechea, na mazoea ya kuita majina hayamtoki. Aliandika kila wiki: jina, kiasi, tarehe, na chini yake jumla aliyomkabidhi mzee. Jumla ya miaka mitatu ilikuwa shilingi 312,450, na kipuli kiliandikwa peke yake pamoja na bei kilichouzwa. Tulilipeleka kwa kijana na kwa kamati siku moja, ili pasiwe na wa kulitangulia. Kijana akachapisha taarifa za M-Pesa za baba yake. Jambo moja la simu ni hili, kwamba inakumbuka: kila pesa iliyoingia ina jina na saa yake. Tukakaa nazo siku kadhaa, wengine miwani puani, wengine wakisoma kwa sauti, tukitia alama mchango ni upi na bei ya kanzu ni ipi. Majina mengine yalikuwa ya watu wa pande zote mbili, kwani walioshonesha kwake ndio waliochanga. Ikabidi kuwapigia simu mmoja mmoja.

Kisha mjane akakumbuka kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati la cherehani. Ndani mlikuwa na vifungo, sindano za mashine, na risiti 41. Mzee alikuwa amekwisha kununua mawe, saruji na mabati na kuyalipia katika duka la vifaa vya ujenzi, yakawa yamehifadhiwa huko yakisubiri fundi. Mwenye duka alifungua daftari lake mwenyewe na kila risiti ilikuwamo. Jumla yake ilikuwa shilingi 163,000. Kamati haikujua hata moja ya 163,000 hizo. Ukizitoa katika yale makisio ya 400,000, haki ya madrasa iliyobaki ni 237,000. Wazee wale wawili waliposomewa, mmoja wao alivua kofia akaishika mkononi, akanyamaza muda mrefu. Wahenga wa pwani, ambao walikuwa watu wa biashara na majahazi, walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ingepotea mchana, mbele ya watu wazima, na kila mmoja akidhani ametenda haki.

Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba daftari, risiti na mkaguzi ni mambo ya serikali na ya Wazungu wa mashirika. Mzee mmoja wa jumuiya alitulaumu waziwazi kwamba tunaleta ofisi ndani ya msikiti. Twamheshimu, lakini hapo hatukubaliani naye. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, haikushuka kuzungumzia swala wala saumu. Inazungumzia kuandika deni, mwandishi wake na mashahidi wake, liwe dogo au kubwa. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 6, mlezi wa yatima anapomkabidhi mali yake anatakiwa aweke mashahidi, ingawa mwisho wa aya hiyo hiyo unakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu anatosha kuwa mwenye kuhesabu. Tazama mpangilio huo. Hesabu ya Mwenyezi Mungu imetajwa, na mashahidi hawakuondolewa kwa ajili yake. Wanaotufungia mdomo kwa neno hilo wamelisoma bila ya lililolitangulia.

Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aliyejulikana kwa Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi alifanyiwa hesabu. Akatenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume hakulinyamazia jambo hilo wala hakumwita faraghani. Alipanda mimbari akahutubia watu, akauliza kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Ni sahaba aliyefanyiwa hesabu, na aliyemfanyia ni mbora wa viumbe, na hakuna aliyesema kuwa ni dhana mbaya. Basi wenye kamati zetu wana udhuru gani?

Kina mama wenzetu wana jambo la ziada la kulijua. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka ushauri Mtume, akashauriwa alizuie shina lake na atoe sadaka matunda yake; lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Huo ni msingi mkubwa wa wakfu katika dini yetu. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali. Na wakfu huo uliandikwa, na katika maandishi yake, kama alivyopokea Abu Daud, Umar alimtaja msimamizi wa baada yake: binti yake Hafsa (R.A.), mama wa waumini, maisha yake yote. Sahaba walikuwa wengi na wanawe wa kiume walikuwako. Anayetuambia kuwa mambo ya jengo ni ya wanaume huwa tunamwomba atufasirie hilo kwanza.

Pwani yetu yenyewe ni nchi ya wakfu. Nyumba, mashamba ya minazi, visima na viwanja vilitolewa na babu zetu, na vingi na bibi zetu, ili misikiti ipate mafuta ya taa na maimamu wapate chakula. Serikali ya kikoloni iliweka sheria ya wakfu mwaka 1900, ikaja nyingine mwaka 1951, na mwaka 2022 Bunge letu likapitisha Sheria mpya ya Wakfu. Sheria hizo zina wenye kuzisifu na wenye kuzilalamikia, na leo hatuingii humo. Tunalotaka kusema ni kwamba wakfu uliokuwa kichwani mwa mzee mmoja tu ulikuwa rahisi kupotea kuliko ule ulioandikwa na kushuhudiwa. Na jumuiya zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, zinatakiwa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na kuwasomea wanachama mapato na matumizi. Mwanachama anayeuliza haleti fitina. Anadai kitu ambacho jumuiya yenyewe ilikiwekea sahihi siku ilipoomba kusajiliwa.

Kuna hoja moja inayotushughulisha zaidi kuliko lile lawama la ofisi, kwa sababu inatoka katika dini yenyewe. Nayo ni kwamba sadaka ya siri ni bora, na kwamba miongoni mwa watu saba watakaopewa kivuli siku ya Kiyama ni yule anayetoa hata mkono wake wa kushoto usijue. Hiyo ni kweli. Lakini ni siri ya nani? Ni siri ya mtoaji, ili asijionyeshe, na ni sitara ya mpokeaji, ili asifedheheke. Aliye katikati, anayezishika, hakupewa siri yoyote. Yeye kazi yake ni ya wazi.

Siku hizi tumegeuza. Ramadhani ikiingia tunaona picha kwenye simu zetu: mama wa watu amesimamishwa na mfuko wa unga na kopo la mafuta, uso wake wote wazi, pembeni vijana wa jumuiya wakitabasamu, na maandishi ya kuwahakikishia wafadhili kwamba msaada umefika. Huo ndio unaoitwa uwazi. Ukiuliza magunia yalikuwa mangapi, kila moja lilinunuliwa kwa bei gani, gari lililoyabeba lililipwa ngapi na zilizobaki ziko wapi, hupati jibu. Maskini ameanikwa juani, pesa zimesitiriwa. Tunawaomba ndugu zetu wa jumuiya za daawa wayafikirie haya kabla ya Ramadhani ijayo. Picha haihesabu kitu.

Gharama za watendaji nazo zisionewe haya. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na watumishi wanaozikusanya na kuzisimamia ni fungu mojawapo. Kama maalim analipwa, iandikwe. Kama dereva kapewa nauli, iandikwe. Tunavyoona sisi, mengi yanayofichwa katika jumuiya zetu ni ya halali, na yanafichwa kwa kuwa watu wamezoeshwa kuamini kwamba kazi ya dini haina gharama. Pakiwa na giza, la halali na la haramu hufanana.

Na liko tatizo ambalo hata kamati yenye uaminifu kamili huingia bila ya kujua, nalo ni kuchanganya. Zaka ina wenyewe, na kwa kauli ya wanazuoni wengi haijengewi msikiti wala madrasa. Mchango uliotolewa kwa ajili ya chumba cha wanawake umefungwa na sharti la waliotoa. Sadaka ya jumla ina uwanja mpana zaidi. Ziweke zote katika simu moja na mwisho wa mwezi lipia bili ya maji: umelipa kwa zipi? Hakuna aliyeiba, na huenda zaka ya mtu haikufika ilikotakiwa kufika. Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba kusimamia hazina za nchi alijitaja kwa sifa mbili, kuhifadhi na kujua. Jumuiya zetu huchagua wenye sifa ya kwanza na kuisahau ya pili.

Tuyamalize ya mtaani kwetu. Kamati, warithi na sisi tulikutana nyumbani kwa sheikh mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Shilingi 237,000 zilikubaliwa kuwa ni za madrasa. Shilingi 263,600 zilithibiti kuwa za marehemu, na karatasi zilipopatikana katika Mahakama ya Kadhi ziligawanywa kama sheria inavyosema, na sehemu ya wale mabinti ikawekwa mbali. Zilisalia shilingi 11,400, zilizowekwa benki kwa mkono siku moja, bila ya jina. Huenda ni bei ya kanzu za harusi. Huenda ni mchango wa mtu asiyetaka kujulikana. Kijana, kwa uchungu na kwa kuchoka, alisema, "Zichukuliweni na madrasa, baba yangu apumzike." Sheikh akakataa. Alimweleza kwamba yeye anaweza kusamehe sehemu yake, na mama yake anaweza kusamehe sehemu yake, lakini mabinti hawajabaleghe, na hakuna awezaye kuwasamehea. Ikiwa ni mali ya marehemu, wana fungu lao humo.

Hivi sasa jumuiya ina akaunti kwa jina lake, na haitolewi pesa bila ya sahihi mbili kati ya tatu. Sahihi moja katika hizo ni ya yule mwalimu wa chekechea mwenye daftari. Zaka ina kitabu chake, jengo lina chake. Kila mwanzo wa mwezi karatasi moja hubandikwa katika mlango wa wanaume na nyingine katika mlango wa wanawake, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, na baada ya darsa husomwa kwa sauti kwa ajili ya bibi zetu wasioona vizuri. Majina ya wanaopokea zaka hayamo. Idadi yao imo. Miezi ya mwanzo watu walijazana kuisoma. Sasa wachache ndio wanaosimama, na mzee aliyetulaumu kwa kuleta ofisi ni mmoja wao. Juzi alimsahihisha mweka hazina mpya makosa ya shilingi 200 katika bei ya misumari.

Chumba kimeezekwa, bado sakafu na mlango. Na mwisho kabisa wa karatasi, chini ya jumla zote, kila mwezi huandikwa mstari ule ule: amana ambayo mwenyewe hajajulikana, shilingi 11,400.